Kupunguza Joto la Kuchomea Kauri za Piezoelektriki kwa Viongezi vya Kikemia: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Mtwara na Lindi

Kauri za piezoelektriki hutoa umeme zinapobanwa, na hutanuka au kusinyaa zinapopewa umeme. Ndizo zinazotoa cheche kwenye kiwashio cha jiko la gesi, ndizo zilizomo katika kichwa cha mashine ya ultrasound hospitalini, na ndizo zinazotuma na kupokea sauti katika vipima kina vya meli zinazoingia bandari ya Mtwara. Tabia hii ilionyeshwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na leo inafundishwa hata sekondari. Kinachomzuia mwalimu au fundi wa maabara ndogo asizitengeneze kauri hizi mwenyewe ni joto. Kauri inayotumika zaidi duniani, PZT (zirkonati-titanati ya risasi), huchomwa kati ya nyuzi 1200 na 1300 za Selsiasi, ilhali matanuri mengi madogo ya umeme, yenye nyaya za aloi ya chuma, kromi na alumini, huandikwa kikomo cha 1100 au 1200, na nyaya zake huchakaa haraka yakifanyishwa kazi kwenye kikomo hicho.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kabla ya kutafuta fedha za tanuri kubwa zaidi, maabara yenye tanuri la nyuzi 1100 ijifunze kutumia kiongezi sahihi, kwa kiasi kidogo sana kilichopimwa kwa usahihi mkubwa. Kazi yote imo katika maneno hayo mawili, udogo na usahihi, na ndiyo maana hatua za kupima zimepewa nafasi kubwa kuliko hatua za kuchoma.

Kinachotokea ndani ya tanuri

Unga wa kauri uliogandamizwa una nafasi nyingi za hewa kati ya chembe. Ukiuchoma karibu na joto linalofaa, atomi husafiri kutoka chembe moja hadi nyingine, nafasi zile hujaa, na kidonge husinyaa na kukaza bila kuyeyuka. Hatua hii, inayoitwa sintaringi, huhitaji joto kubwa kwa sababu atomi za kitu kigumu husafiri kwa shida.

Kiongezi hupunguza joto hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunda kimiminika kidogo kati ya chembe. Kimiminika hicho huzilowesha chembe, huzivuta pamoja, huyeyusha ncha zake kali na kuziweka upya mahali penye uwazi. Wakazi wa Mtwara wana mfano mkubwa wa kanuni hii jirani, katika kiwanda cha saruji cha Dangote: klinka, yaani mawe yanayosagwa kuwa saruji, huchomwa karibu na nyuzi 1450, na ni alumina pamoja na oksidi ya chuma vinavyotoa kimiminika kinachowezesha chokaa na silika kuungana katika joto hilo. Bila kimiminika hicho, muungano uleule ungehitaji joto kubwa zaidi sana.

Njia ya pili ni kuingia ndani ya fuwele yenyewe. Ioni ya shaba yenye chaji +2, ikikaa mahali pa niobiamu yenye +5, huacha upungufu wa chaji tatu, na fuwele husawazisha upungufu huo kwa kuacha baadhi ya nafasi za oksijeni zikiwa tupu, yaani nafasi tatu kwa kila ioni mbili za shaba. Kupitia nafasi hizo tupu atomi husafiri kwa wepesi zaidi. Mabadilishano haya yanawezekana kwa kuwa ioni hizo mbili hazipishani sana kwa ukubwa: nusukipenyo cha shaba ni angstromu 0.73, na cha niobiamu ni 0.64.

Njia hizi mbili zina gharama zake. Kimiminika kikizidi hubaki kama tabaka lisilo na piezoelektriki kati ya chembe na kuzipunguzia nguvu. Nafasi tupu za oksijeni nazo hushikilia mielekeo ya umeme ndani ya fuwele isigeuke kwa urahisi, hivyo kauri huwa ngumu: hupoteza nishati kidogo inapotetemeka, ambalo ni jambo jema kwa kitoa sauti, lakini hukubali kuelekezwa kwa shida. Kwa hiyo kiongezi bora ni kile ambacho, baada ya kufanya kazi yake ya kimiminika, huingia ndani ya fuwele na kuacha kidogo sana nje.

Kuchagua kauri

Kwa PZT, viongezi vilivyofanikiwa ni vya lithiamu, bismuthi, shaba na vanadi, na kwa baadhi yake joto la kuchomea hushuka hadi chini ya nyuzi 1000. Viwanda vilivutiwa na jambo hili kwa sababu vifaa vya tabaka nyingi huchomwa vikiwa na elektrodi ndani yake, na fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962. Joto likiwa kubwa, hulazimika kutumia fedha iliyochanganywa na paladi, ambayo ni ghali mno. Hata hivyo sishauri maabara ya shule au ya chuo chochote kusini ianze na PZT. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na oksidi ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 888 na kupaa kama mvuke wenye sumu ndani ya chumba ambamo wanafunzi wanavuta hewa. Pasipo mfumo wa kweli wa kunyonya hewa, kazi hiyo isifanyike kabisa.

Badala yake mwongozo huu unatumia niobati ya potasiamu na sodiamu, inayofahamika kwa kifupi KNN, isiyo na risasi. Hubaki na piezoelektriki hadi karibu nyuzi 420. Bila kiongezi huchomwa karibu na nyuzi 1100, nayo huanza kuyeyuka karibu na 1140, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni finyu. Kwa oksidi ya shaba kidogo, kukaza huanza mapema zaidi, na majaribio yanaweza kufanywa kati ya nyuzi 950 na 1050, joto ambalo tanuri la kawaida hulibeba bila kuumia. Malighafi yake kuu ni oksidi ya niobiamu, madini ambayo nchi yetu inayo katika kilima cha Panda mkoani Mbeya, ingawa kwa maabara oksidi safi itabidi inunuliwe kwa muuza kemikali.

Hatua ya kwanza: kukausha na kupima

Hapa ndipo kazi nyingi za pwani huharibikia. Kaboneti ya potasiamu hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa. Iweke kwenye mizani ya kidijiti ndani ya chumba kilicho wazi mjini Lindi au Mikindani wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili, na utaona tarakimu ya mwisho ikipanda mbele ya macho yako, moja baada ya nyingine, bila mtu kuongeza kitu, na baada ya muda uso wa unga uliokuwa mkavu kama chumvi ya mezani utaanza kung'aa kwa majimaji. Fikiria unga ulionyonya maji kiasi cha asilimia 5 ya uzito wake. Potasiamu itapungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa ni nusu ya alkali zote, jumla ya alkali itapungua kwa asilimia 2.5. Kiasi hicho kinatosha kuzalisha aina nyingine ya fuwele usiyoitaka. Ukizidisha alkali kwa kukisia, tatizo hugeuka: kauri inayotoka hunyonya unyevu na vidonge hubomoka vyenyewe rafuni.

Kausha kaboneti zote mbili na oksidi ya niobiamu kwenye nyuzi 200 kwa usiku mzima. Ziache zipoe ndani ya chombo kinachofungwa vizuri chenye vidonge vya silika vilivyokaushwa, kisha pima kila kimoja kwa haraka, kwa kukitoa, kukipima na kukifunga kabla ya kugusa kingine. Kama una nafasi ya kuchagua, fanya upimaji wote kati ya Juni na Oktoba, asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa. Walio Newala au Masasi, mbali na bahari, wana nafuu kidogo, lakini hawana ruhusa ya kuruka hatua hii.

Kwa gramu 20 za KNN yenye potasiamu na sodiamu nusu kwa nusu, vipimo ni hivi:

kaboneti ya potasiamu, gramu 4.019
kaboneti ya sodiamu, gramu 3.082
oksidi ya niobiamu, gramu 15.458

Jumla ni gramu 22.559. Tofauti ya gramu 2.559 ni kabonidioksidi itakayotoka wakati wa kuchoma mara ya kwanza, na tarakimu hiyo itakusaidia baadaye kama kipimo cha ukaguzi, basi iandike kwenye daftari.

Hatua ya pili: kusaga na kuchoma mara ya kwanza

Saga mchanganyiko huo ndani ya chupa ya plastiki yenye mipira ya zirkonia na ethanoli kavu, kwa saa 12 hadi 24. Usitumie maji, kwa sababu kaboneti zote mbili huyeyuka ndani yake, na wakati wa kukausha zitajitenga tena, moja ikiganda juu na nyingine chini. Ethanoli nayo ni moto unaosubiri cheche: ikaushe mahali penye hewa, mbali na tanuri na swichi.

Weka unga mkavu kwenye bakuli la alumina lenye kifuniko, upandishe joto kwa nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika hadi 850, na ukae hapo saa nne. Bakuli la grafiti lisitumike, hata kama grafiti inapatikana Ruangwa, kwa sababu kaboni huzinyang'anya oksidi oksijeni yake. Baada ya kupoa, pima unga. Uzito unapaswa kuwa umepungua kwa asilimia 11.3 hivi. Upungufu ukiwa mdogo zaidi ya huo, muungano haujakamilika au unga umenyonya maji, hivyo saga na urudie kwenye joto lilelile. Mimi hupendelea kurudia mara ya pili hata pale tarakimu inapokubali, kwa kuwa potasiamu na sodiamu haziingii kwa kasi moja, na usagaji wa katikati husawazisha.

Hatua ya tatu: kutia kiongezi

Kiasi cha kuanzia ni asilimia 1 ya moli ya oksidi ya shaba. Kwa gramu 20 za KNN hiyo ni gramu 0.0925 tu. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 inaweza kukosea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho, na kosa la namna hiyo linatosha kufanya majaribio mawili yanayodaiwa kuwa sawa yatoe majibu mawili. Mwenye mizani ya gramu 0.0001 apime oksidi moja kwa moja. Asiye nayo atumie myeyusho: yeyusha gramu 2.32 za asetati ya shaba, ile yenye molekuli moja ya maji, katika maji yaliyotoneshwa hadi ujazo ufike mililita 100. Mililita 10 za myeyusho huo hubeba shaba ya asilimia 1 kwa gramu 20 za unga wako, mililita 5 hubeba nusu, na mililita 15 hubeba moja na nusu. Mizani ileile ya kawaida sasa inakosea chini ya asilimia moja, kwa kuwa inapima gramu mbili badala ya sehemu ya kumi ya gramu.

KNN iliyokwisha kuungana haiyeyuki kirahisi kama kaboneti, kwa hiyo maji hayo machache hayatavuruga uwiano, mradi uyakaushe papo hapo huku ukikoroga bila kuacha. Unga ukikauka, upashe hadi nyuzi 500 kwa saa moja ili asetati iungue na kuacha oksidi, kisha usage tena kwa ethanoli. Mrututu hauwezi kuchukua nafasi ya asetati, ijapokuwa nao una shaba, kwa sababu ni salfeti na huleta salfa ndani ya kauri. Maji ya kisima pia yasitumike, kwani visima vingi karibu na bahari vina chumvi.

Andaa mafungu manne: lisilo na shaba kabisa, la asilimia 0.5, la 1 na la 1.5. Fungu lisilo na shaba lisidharauliwe. Bila hilo huwezi kumthibitishia mtu yeyote kwamba ni shaba iliyofanya kazi.

Hatua ya nne: vidonge

Changanya unga na matone ya myeyusho wa asilimia 3 wa PVA, gundi inayoshikanisha chembe, upitishe kwenye chekeche laini, na ugandamize gramu 0.3 katika kalibu ya chuma ya milimita 10 kwa megapaskali 150. Nguvu hiyo ni sawa na uzito wa tani 1.2 hivi, hivyo jeki ya haidroliki ya gari iliyofungwa kwenye fremu imara na yenye geji inatosha.

Hatua ya tano: kulijua tanuri lako, kisha kuchoma

Usiamini tarakimu ya kwenye tanuri kabla ya kuipima. Weka kipande cha waya wa fedha safi juu ya kigae cha alumina, mahali hasa vidonge vitakapokaa, na upandishe joto polepole kuanzia nyuzi 945, ukisimama kila baada ya nyuzi 5. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962, na hewani, ikinyonya oksijeni, huweza kuyeyuka hadi nyuzi kumi hivi chini ya hapo, kwa hiyo tarakimu inayoonekana waya unapogeuka tone hukuonyesha tanuri lako limepotoka kwa kiasi gani. Waya huo unaweza kuupata kwa sonara, lakini mweleze wazi kwamba unataka fedha isiyochanganywa, kwani fedha ya mapambo yenye shaba huanza kuyeyuka mapema zaidi na itakudanganya.

Panga vidonge ndani ya bakuli la alumina, uvifunike kwa unga wa fungu lilelile, na uweke kifuniko. Unga huo wa kufunikia hujaza hewa ya ndani kwa mvuke wa potasiamu na sodiamu, hivyo vidonge havipotezi alkali zake. Panda kwa nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika hadi 550 na ukae saa moja ili PVA iungue yote, kisha panda kwa nyuzi 5 kwa dakika hadi joto la jaribio na ukae saa mbili. Fanya uchomaji mmoja mmoja kwa nyuzi 950, 980, 1010 na 1040, kila mmoja ukiwa na vidonge vya mafungu yote manne, kila fungu katika bakuli lake.

Umeme ukikatika kabla ya nyuzi 600, washa na uendelee, hakuna kilichoharibika. Ukikatika juu ya 900, usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kimiminika kimekwisha kuundwa na chembe zimeanza kukua. Acha tanuri lipoe likiwa limefungwa, weka vidonge hivyo pembeni na alama yake, na urudie na vipya. Hapa joto dogo lina faida nyingine: mnururisho wa joto kutoka kitu kilicho kwenye nyuzi 1250 ni karibu mara mbili ya ule wa nyuzi 1000, na kila saa ya ziada kwenye kilele ni gharama ya umeme na hatari ya kukatizwa.

Hatua ya sita: kusoma matokeo

Kipimo cha kwanza ni kaliba ya venia. Kidonge kilichogandamizwa hadi asilimia 58 ya densiti kamili, kikikaza hadi 95, husinyaa kutoka milimita 10 hadi 8.5. Kikitoka kikiwa na 9.5, kimefika asilimia 68 tu, na hakuna haja ya kukiendeleza. Baada ya hapo pima densiti kwa kanuni ya Archimedes, ukitumia maji yaliyotoneshwa na kuchemshwa ili hewa itoke. Densiti kamili ya KNN ni gramu 4.51 kwa sentimita ya ujazo, hivyo lengo ni 4.28 au zaidi.

Chora grafu ya densiti dhidi ya joto kwa kila fungu. Mstari wa shaba unapaswa kupanda mapema kuliko mstari wa fungu tupu, kisha kutulia, na pengine kushuka. Kushuka huko humaanisha kwamba alkali zinapaa au chembe zimekua ovyo na kufungia hewa ndani. Chagua joto la chini kabisa ambalo densiti imefika lengo, na shaba ndogo kabisa inayokufikisha hapo. Mwenye pupa huongeza shaba kila densiti inapogoma, lakini mara nyingi tatizo huwa ni usagaji hafifu au kaboneti yenye maji, na shaba ya ziada hulificha tu.

Hatua ya saba: kuelekeza kwa volti ya juu

Kauri iliyotoka tanurini bado haina piezoelektriki ya kutumika, kwa sababu mielekeo yake ya ndani inapingana. Isugue hadi unene wa milimita 1, paka rangi yenye fedha halisi, inayopitisha umeme, pande zote mbili bila kugusa ukingo, ikaushe, uizamishe kwenye mafuta ya silikoni ya nyuzi 120 hadi 150, na uipe volti 3000 hadi 4000 kwa dakika 20 hadi 30. Punguza joto volti ikiwa bado ipo, ndipo uizime. Volti hizi huua. Kazi ifanywe na watu wawili waliofunzwa, chanzo kiwe na kikomo cha mkondo, na waya wa kutoa chaji ardhini uguswe kwenye elektrodi kabla ya mkono. Mkondo ukipanda ghafla, zima: ama kauri ina vinyweleo vilivyobeba unyevu, ama ukingo ni mchafu. Futa kwa ethanoli, kausha kwenye nyuzi 150, na ujaribu tena kwa volti ndogo zaidi.

Subiri siku moja kabla ya kupima. KNN ya kawaida hutoa d33, yaani chaji inayotoka kwa kila nyutoni ya nguvu, ya pikokulombu 80 hadi 100 kwa nyutoni. Yenye shaba isikatishe tamaa ikibaki humo humo, kwani faida yake huonekana zaidi katika upungufu wa nishati inayopotea wakati wa mtetemo. Fungu lenye densiti nzuri lakini d33 iliyo chini ya 60 lirudishwe kwenye volti ya juu mara moja zaidi kwa joto la 150. Likigoma tena, shuka hadi nusu ya shaba na uchome kwa nyuzi 20 zaidi, ukibadilisha mambo hayo mawili katika mafungu tofauti ili ujue lipi limeleta nafuu.